Jifunze rangi za mafuta kwa kunakili picha moja: Ginevra wa Leonardo, hatua kwa hatua

Anayepaka picha barazani Mji Mkongwe hakosi watu wa kumsimamia mgongoni, na maswali yao ni yale yale. Rangi ya mafuta ya kupakia milango inafaa? Mbona picha yangu wiki ya pili hii bado inanata? Nianze kuchora nini? Nimeona niyajibu yote kwa mpigo mmoja, kwa kazi moja tu, tangu ubao mtupu mpaka vanishi.

Kazi yenyewe ni kunakili. Usianze na picha ya kichwani mwako, wala usianze na shangazi aliyekaa mbele yako anauliza kila dakika kama umemaliza. Leonardo da Vinci mwenyewe alijifunzia katika karakana ya msanii Verrocchio mjini Florence, na wanafunzi wa karakana zile walinakili sana kazi za wakubwa wao. Ukinakili, mkao wa mtu, mwanga na mpangilio vimeshatatuliwa. Kinachobaki kwako ni rangi na matabaka yake, na hicho ndicho ulichokuja kujifunza.

Picha tutakayoinakili

Ni sura ya Ginevra de' Benci, binti wa Florence, iliyochorwa na Leonardo kati ya mwaka 1474 na 1478 hivi, Leonardo mwenyewe angali kijana wa miaka ya ishirini. Iko National Gallery of Art, Washington, iliyoinunua mwaka 1967. Jumba hilo limeiweka picha yake kwenye mtandao kwa ukubwa mzuri, na kuipakua ni bure. Ukubwa wa asili ni sm 38.1 kwa 37, yaani karibu mraba. Ndani yake mna mtu, nyuma ya kichwa chake mna mti wa mreteni wenye majani ya sindano, na pembeni mna maji, miti midogo na vilima vinavyofifia kwa bluu. Somo la sura na somo la mandhari yamo kwenye ubao mmoja mdogo.

Wengi huniuliza mbona si Mona Lisa. Kwa sababu Mona Lisa imefunikwa na vanishi iliyogeuka manjano, na uso wake umejengwa kwa matabaka membamba mno hata jicho la mwanafunzi halioni lilipoanzia na lilipoishia. Ginevra ni kazi ya kijana aliyekuwa bado anaijifunza rangi ya mafuta. Sehemu za mandhari yake rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, na tutarudi kwenye jambo hilo kwa sababu nawe litakukuta.

Wapo wasiopenda kuchora sura ya kiumbe chenye roho, na hilo naliheshimu. Basi chukua upande wa kulia wa picha peke yake, maji na miti na vilima, ufuate hatua zote isipokuwa ya 7 na ya 8. Nusu nzima ya ufundi imo humo.

Utakavyohitaji

- Hadibodi au plaiwudi ya milimita 4 hadi 6, iliyokatwa sm 29 kwa 28. Fundi seremala yeyote ana vipande vya kutupa. Kipimo hiki nimekichagua kwa kuwa kinaingia kwenye karatasi moja ya A3. Nakala ndogo kuliko ya asili pia ni adabu: Louvre, jumba la sanaa la Paris, wanaoruhusiwa kunakili ndani ya jumba hulazimishwa kutumia kipimo tofauti na cha picha yenyewe.
- Jeso ya wachoraji, yaani rangi nyeupe ya kutandikia ubao kabla ya kuchora. Ukiikosa, rangi nyeupe ya maji ya ukutani isiyong'aa itakufaa kwa kujifunzia, ingawa haidumu kama jeso.
- Msasa laini, na brashi pana ya kupakia jeso.
- Tyubu za rangi za mafuta za wachoraji: nyeupe ya titani, manjano ya oka, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu), amba mbichi (kahawia ya giza), bluu ya ultramarini, nyeusi, na nyekundu moja kali. Nyeupe nunua tyubu kubwa, itakwisha kabla ya zote. Unguja si kila siku zinapatikana, kwa hiyo wengi humwagiza mtu anayepanda boti kwenda Dar. Mpe orodha iliyoandikwa, usimwambie "niletee rangi za mafuta", atakuletea kopo.
- Brashi: mbili za manyoya magumu, bapa, za upana wa sm 1 hadi 2, mbili laini za mviringo, moja nyembamba sana, na moja laini, pana, ambayo haitaguswa na rangi ila kwa kulainishia tu.
- Chupa ndogo ya mafuta ya linsidi, yale yanayotokana na mbegu za kitani.
- Tapentaini, na chupa ya kioo yenye kifuniko.
- Kipande cha kioo cha kuchanganyia rangi. Kioo cha dirisha kilichovunjika kinatosha, ukikikwangua kingo kwa msasa na kukiwekea karatasi ya kijivu chini yake.
- Kisu cha rangi, matambara ya pamba, sabuni ya mche.
- Mkaa wa jikoni, sindano, kipande cha leso nyepesi.

Usivyohitaji, hata ukipewa bure

Rangi ya kopo ya kupakia milango na madirisha haifai kwa kazi hii. Najua wachoraji wa tingatinga wanaitumia, na picha zao zimejaa vichochoro vya Mji Mkongwe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo ule Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi hizo hizo, na zinafaa pale kwa kuwa mtindo wenyewe ni rangi bapa, inayong'aa, yenye mpaka mkali. Hapa tunataka rangi inayobaki mbichi muda wa kutosha uilainishe, na inayokubali kupakwa nyembamba mpaka ya chini ionekane. Ya kopo haina subira hiyo.

Mafuta ya nazi usiyatie kwenye rangi hata tone. Linsidi hukauka kwa kuvuta hewa na kugeuka utando mgumu; mafuta ya nazi hayageuki hivyo, yatabaki mafuta mpaka picha itupwe. Mafuta ya kupikia ya aina nyingine nayo yaache jikoni. Kazi moja tu naipa nazi: kuoshea brashi mwisho wa siku, kabla ya sabuni.

Thina na petroli, hapana. Mafuta ya taa pia hapana, yanaacha unyevunyevu wa mafuta ndani ya rangi.

Kabla hujaanza: mwanga na hewa

Vitabu vingi vya Ulaya vinasema ukae kwenye dirisha la kaskazini ili jua lisikuingilie. Ukivifuata kibubusa hapa utaungua. Sisi tuko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, jua linatuvuka juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka. Kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini, basi kaa dirisha la kusini. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi geuza, kaa la kaskazini. Mwanga usiohama ndio utakaokuwezesha kulinganisha rangi ya asubuhi na ya alasiri.

Chumba kiwe na hewa inayopita, kwani tapentaini inaumiza kichwa. Matambara yaliyolowa linsidi usiyakunje ukayarundika pembeni: yanapokauka yanatoa joto, na rundo linaweza kuwaka moto lenyewe bila ya kiberiti. Yaanike moja moja nje, au yatie kwenye bati lenye maji. Na usile huku unapaka. Urojo kwa mkono wenye nyekundu ya kadmiamu, madini yenye sumu, si chakula.

Hatua

1. Chapisha picha mara mbili. Ipakue kwenye simu au kompyuta, ipunguze mpaka iwe sm 29 kwa 28, kisha chapisha moja ya rangi na moja isiyo na rangi, ya nyeusi na nyeupe. Hii ya pili ndiyo utakayoitazama zaidi wiki ya kwanza. Ya rangi usiiamini sana, mashine za kuchapishia hupotosha. Rangi zitazame kwenye kioo cha simu, mwanga wa simu ukiwa wa kati.

2. Andaa ubao. Pitisha msasa upande laini wa hadibodi, futa vumbi, paka jeso nyembamba. Ikikauka, msasa tena, paka tena, mara hii brashi ikienda kinyume na mara ya kwanza. Matabaka matatu yanatosha. Paka na upande wa nyuma na kingo pia, tabaka moja, la sivyo masika ikiingia ubao utanyonya unyevu upande mmoja na kupinda.

3. Ua weupe. Chukua amba kidogo, izimue kwa tapentaini iwe kama chai ya rangi, ipake ubao mzima, kisha ifute kwa tambara mpaka ubaki rangi ya mchanga wa pwani uliolowa. Iache siku moja au mbili. Kwenye weupe mtupu kila rangi utakayoweka itaonekana nyeusi mno, nawe utaogopa giza. Wanaoanza wote wanaogopa giza.

4. Hamisha mchoro. Hapa watu hujivunia kuchora kwa macho. Usijivune, mabingwa wenyewe walitoboa. Chukua karatasi nyepesi, ilaze juu ya picha iliyochapishwa, fuatisha mistari mikuu kwa penseli: mzunguko wa uso, kope, pua, mdomo, mstari wa nywele, mabega, ukingo wa mti, mstari wa maji, vilima. Toboa mistari hiyo kwa sindano, tundu moja kila milimita mbili au tatu, chini ukiwa umeweka kitambaa kinene. Ponda mkaa wa jikoni uwe unga laini kabisa, ufunge ndani ya leso kama kifurushi. Bandika karatasi juu ya ubao kwa seloteipu, kisha gonga gonga kwa kifurushi juu ya matundu. Ukiinua karatasi utakuta vitone vyeusi. Viunganishe kwa brashi nyembamba na amba iliyozimuliwa, halafu piga tambara kavu vumbi la mkaa litoke.

Kosa la hapa ni kufuatisha kila unywele. Kadiri mistari inavyozidi, ndivyo utakavyopaka kama mtoto anayejaza kitabu cha rangi. Mistari ya umbo tu.

5. Jenga mwanga na giza kwa kahawia peke yake. Hatua hii ndiyo kazi. Zinazofuata ni nguo tu zinazovikwa juu yake. Mtu akinionyesha nakala iliyoharibika, mara nyingi si rangi iliyoharibika, ni hapa aliporuka.

Kwenye kioo changanya amba na nyeupe uwe na mafungu matano yaliyopangwa: la kwanza amba tupu, la tano karibu nyeupe, na matatu ya katikati yakipanda ngazi kwa ngazi. Usitie mafuta, tapentaini kidogo tu. Sasa tazama ile picha isiyo na rangi huku umekunja macho mpaka vitu vidogo vidogo vipotee. Utaona maeneo makubwa manne au matano tu: mti mweusi, uso mweupe, nguo ya giza, anga, na ukanda wa maji. Paka hayo kwanza, yakiwa bapa, bila ya jicho wala pua.

Halafu ingia ndani. Anza na mti, kwa amba tupu, ili ujue giza la mwisho la picha liko wapi. Kisha uso. Weka fungu la nne uso mzima, kisha tafuta vivuli kwa fungu la tatu: chini ya nyusi, ubavu wa pua, chini ya mdomo, chini ya kidevu. Vivuli vya uso huu ni hafifu kuliko unavyodhani. Fungu la tano liweke mwisho na kwa uchache, kwenye paji, juu ya pua, juu ya shavu.

Pale kivuli kinapokutana na mwanga, chukua ile brashi laini, pana, kavu, uipitishe kwa wepesi mno hadi mpaka huo upotee. Leonardo alitumia hata viganja na vidole, na alama ya kidole imekutwa kwenye rangi ya picha hii hii. Ukitaka kumwiga vaa glavu nyembamba.

Ukimaliza, piga picha kazi yako kwa simu, iondoe rangi, uiweke kando ya ya asili. Simu haina huruma. Rekebisha mpaka zifanane, kisha uache ubao mpaka ukigusa pembeni kidole hakinati. Amba hukauka haraka, lakini umechanganya na nyeupe inayochelewa, basi hesabu siku kadhaa, na wakati wa masika zaidi.

6. Anga na mandhari, kutoka mbali kuja karibu. Simama Forodhani ukitazame kisiwa cha Changuu. Unajua miti yake ni ya kijani, lakini jicho linaona ukanda wa kijivu na bluu, na giza lake si giza. Hewa iliyo katikati imekula rangi. Leonardo ameifuata kanuni hiyo hiyo, na wewe ifuate: vilima vya mwisho kwa nyeupe nyingi, ultramarini kidogo na chembe ya siena ili bluu isipige kelele, vinavyofuata oka iongezeke, miti ya karibu kijani cha oka na ultramarini, nyeupe ikipungua.

Anga ianze juu kwa bluu hafifu, ishuke ikiwa na joto la oka karibu na vilima. Maji yapake rangi za anga hiyo hiyo zilizotiwa giza kidogo, kwa mapigo ya kulala. Miti midogo ya ng'ambo usiichore majani; piga umbo, kisha lainisha ukingo wake ungali mbichi.

Kuanzia hatua hii unaweza kutia linsidi, lakini matone. Kanuni ni moja na usiivunje: tabaka la chini liwe na mafuta machache, kila la juu lizidi kidogo. Ukiigeuza, la juu litakauka kabla ya la chini, la chini likiendelea kujivuta litalipasua.

7. Ngozi. Changanya nyeupe, oka, na nyekundu kiasi cha ncha ya kisu. Hiyo ndiyo rangi ya kati ya uso huu, uliopauka kama pembe. Gawa mafungu matatu. La kwanza liache. La pili ongeza nyeupe na oka, ndiyo mwanga. La tatu ongeza amba na chembe ndogo ya ultramarini, ndicho kivuli, nacho kitaelekea ukijani kidogo. Usishtuke, ngozi ina ukijani kivulini. Nyeusi usiilete usoni kabisa. Inageuza kivuli kuwa masizi.

Paka nyembamba kiasi kwamba kahawia ya chini bado inakuongoza. Kila fungu lipeleke mahali pake, liache, kisha unganisha mipaka kwa brashi kavu. Mwenye haraka huchanganya mafungu yote juu ya uso kwa kusugua, na baada ya robo saa uso mzima una rangi moja ya udongo.

Macho ya Ginevra yamefunikwa nusu na kope nzito, na weupe wa jicho si mweupe: ni ngozi iliyotiwa kijivu. Ukiweka nyeupe tupu humo atakuwa amekodoa. Mdomo hauna mstari mweusi katikati, ni kivuli laini kinachozidi pembeni. Shavu na mdomo viongezee nyekundu mwishoni, kwa brashi karibu kavu.

8. Nywele na nguo. Nywele zipake kwanza kama vipande vikubwa vya oka na siena, giza kwa amba, kisha vipindo vya ubavuni mwa uso, halafu ndipo nyuzi chache za mwanga kwa brashi nyembamba. Chache. Nguo ni kahawia yenye kamba ya bluu kifuani, haina shida. Ile shela nyepesi ya kifuani ni ngozi iliyofunikwa na nyeupe iliyozimuliwa mno, basi ipake ngozi ikishakauka.

9. Mti. Mwanzo ulikuwa kijani zaidi, miaka imeugeuza kahawia. Sasa uamuzi ni wako: unakili ulivyo leo, au uurudishie ujana. Mimi huuacha katikati, nyeusi na oka na ultramarini kidogo juu ya ile amba ya hatua ya 5. Ukishakauka, piga majani ya sindano kwa brashi nyembamba, makundi makundi, yakitawanyika kutoka shinani. Mapengo madogo ya anga kati ya matawi yaweke mwisho, na yasiwe meupe kama anga yenyewe. Jihadhari na ukingo wa nywele: ukikata mstari mkali hapo, kichwa kitaonekana kimebandikwa.

10. Tabaka la kuvika. Kila kitu kikiwa kikavu, changanya siena na linsidi na tapentaini mpaka iwe kama maji yenye rangi, ipitishe nyembamba juu ya vivuli vya nywele na nguo, futa inayozidi. Vivuli vitapata kina ambacho rangi nzito haitoi. Usoni jaribu sehemu ndogo kwanza.

11. Subiri, kisha vanishi. Ikauke si chini ya miezi 6 ndipo upake vanishi ya picha. Vanishi ya milango na fanicha itageuka manjano na haitoki. Wakati wa kusubiri iweke penye hewa na mwanga wa kawaida, mbali na ukuta unaotoa jasho. Usiifungie kabatini, linsidi ikikaa gizani hupiga manjano. Nyuma ya ubao andika kwamba ni nakala, jina lako na tarehe.

Rangi inayobaki kwenye kioo

Rangi ni ghali, na hapa tuna bahati ambayo wachoraji wa kwengine wanainunua kwa chupa ndogo: mafuta ya karafuu. Yanachelewesha rangi kukauka. Pemba kiwanda cha Wawi hutoa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na tone moja linatosha. Lidondoshe kwenye pamba, iweke pamba ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko pamoja na kioo chako, funga. Mvuke wake utaiweka rangi mbichi siku kadhaa. Usilitie tone hilo ndani ya rangi ya matabaka ya chini, kwani utapata tabaka laini lisilokauka huku la juu likipasuka.

Mambo yakiharibika

*Haikauki.* Uliza kwanza ulitia mafuta gani. Kama ni nazi au ya kupikia, kwangua uanze upya, hakuna dawa. Kama ni linsidi, basi ni nyingi mno, au ni nyeusi na nyeupe ya titani, ambazo kwa tabia ni wavivu, au ni unyevu wa masika. Ipeleke penye upepo na mwanga. Kuianika juani kali kutwa nzima kunaweza kuupinda ubao.

*Rangi imejikunja.* Mafuta mengi, tabaka nene: uso umekauka kabla ya ndani. Ndiyo ile iliyomkuta Leonardo kwenye mandhari. Ikishakauka kabisa pitisha msasa laini wenye maji kidogo, ufute, upake upya nyembamba. Usipitishe msasa mkavu, vumbi la rangi ni sumu.

*Mabaka yasiyong'aa.* Tabaka la chini limenyonya mafuta, khasa kama ulitumia rangi ya ukutani badala ya jeso. Paka linsidi kidogo sana kwa kidole chenye glavu, subiri dakika chache, futa yote kwa tambara safi, uendelee.

*Uso kama chokaa.* Nyeupe imezidi. Usiongeze nyekundu, rudi na oka na siena kwa tabaka jembamba.

*Uso kama mtu mwengine.* Geuza ubao na picha yote mawili kichwa chini, ulinganishe nafasi kati ya jicho na jicho, na kati ya pua na mdomo. Kosa litajionyesha. Karatasi yako yenye matundu bado unayo, ilaze juu ukague.

*Kumbikumbi wamenasa.* Ukipaka usiku karibu na taa baada ya mvua watakuja. Usiwafute rangi ikiwa mbichi, utaburura mabawa uso mzima. Acha ikauke, wainue mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, tundu lizibe kwa brashi nyembamba na rangi ya mahali pale. Kesho yake paka mchana.